Kilo Kumi na Nusu Zilizobaki Mokhotlong

Jumatatu saa tatu asubuhi, katika kliniki moja ya Maseru, Daktari Ramakatsa alimweka Lipuo juu ya mizani na mshale haukusogea. Mtoto alikuwa na miaka miwili na miezi miwili, amevaa sweta ya kijani, na alikaa katikati ya sahani ya mizani akitazama dirisha. Daktari aligonga kioo kwa ukucha. Akamwinua mtoto, akaweka mahali pake mfuko wa unga wa mahindi ambao nesi alikuwa amenunua akija kazini. Mshale ukaenda moja kwa moja kwenye kilo mbili na nusu.

"Mizani ni nzima," alisema, akaandika sifuri.

Annelies, Mholanzi wa miaka thelathini na tisa, alikuwa mama wa Lipuo kisheria kwa siku kumi na mbili. Aliuliza kama sifuri ingekubaliwa.

"Haikubaliwi. Fomu ya safari inataka uzito. Wakiona sifuri watasema nimempima mtoto ambaye hayupo." Daktari alifunga kalamu. "Huyu ni wa tatu mwaka huu. Wale wawili walitoka Thaba-Tseka. Mnasafiri lini?"

"Jumapili ya wiki ijayo."

"Basi mlete Ijumaa, siku mbili kabla ya safari. Asipokuwa na uzito Ijumaa, sitii sahihi."

Walirudi kwenye nyumba ya wageni kwa miguu, mtoto akiwa ndani ya koti la Annelies, kwa sababu ulikuwa mwezi wa Agosti na upepo wa Agosti hauchagui cha kupeperusha.

Kuishi na mtoto asiye na uzito kulihitaji uangalifu, lakini si mwingi kuliko mtoto mwingine yeyote. Mto aliolalia haukubonyea. Kwenye beseni alielea juu ya maji kama kifuniko. Walipotoka uani, Mampoi, mama aliyefanya usafi na kupika pale, aliibana sweta ya mtoto kwenye sketi ya Annelies kwa vibanio viwili vya nguo, kisha akaendelea kuanika mashuka.

Ugumu ulikuwa kwingine. Lipuo hakulia na hakutazama. Alikula uji kutoka mkononi mwa Annelies huku uso ameugeuzia mlangoni. Annelies alikuwa amesoma vitabu vinne kuhusu siku za kwanza na mtoto wa kuasili, na vyote vilisema mtazame machoni. Yeye alimtazama machoni, na mtoto alitazama kipande cha ukuta kilichokuwa nyuma ya sikio lake. Mume wake, Joost, aliyekuwa amerudi kazini kwao Zwolle, alipiga simu kila alasiri kuuliza kama kuna mabadiliko. Annelies alisema yapo, halafu akashindwa kuyataja.

"Unambeba kama trei ya mayai," Mampoi alimwambia siku ya tatu. "Mtoto ameshajua unaogopa. Hata mimi nakuogopa."

"Nifanyeje?"

"Inama. Zaidi, mama, wewe ni mrefu kama nguzo ya umeme. Inama nikufunge."

Mampoi alimlaza Lipuo mgongoni mwa Annelies, akapitisha blanketi chini ya makwapa, akalikaza juu ya kifua na kulifunga kwa pini kubwa. Annelies hakuhisi mzigo wowote. Alihisi joto tu, dogo, upana wa sahani. Alitembea nalo uani mpaka adhuhuri, na kesho yake tena, na siku iliyofuata aliosha vyombo nalo.

Siku hiyo ya tano pua baridi iligusa mgongo wake, katikati ya mabega, ikabaki hapo. Annelies aliacha sahani ndani ya maji na kusimama bila kujongea kwa dakika arobaini. Mampoi aliingia, akamtazama, akamalizia vyombo mwenyewe.

Siku ya sita Annelies alijaribu kugonga ulimi kaakaani kama Mampoi anavyougonga anapozungumza lugha yake. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu anayeita farasi. Nyuma yake mtoto akacheka. Annelies akamwita tena yule farasi. Alimwita mpaka ulimi ukauma.

Jumanne ya wiki ya pili walirudi kliniki, bila kusubiri Ijumaa, na mshale ukasogea. Daktari alivaa miwani ili kuusoma.

"Gramu mia mbili," alisema. "Hizi ni zako. Amezipata kwako."

"Ni kidogo sana."

"Kwa siku nane? Si kidogo. Lakini uzito aliozaliwa nao na kukua nao uko mahali fulani, na mimi siwezi kuandika gramu mia mbili. Nani alikuwa anambeba kabla yako?"

Katika faili la shirika lililoshughulikia uasili, Annelies alisoma kwamba mama wa mtoto alifia Welkom, ng'ambo ya mpaka, na kwamba mtoto alikuwa kwa bibi yake, Mathuso, kijiji kimoja cha Mokhotlong, milimani. Mampoi alipiga simu kwenye duka la chifu wa huko. Mwenye duka hakuhitaji kuelezwa sana.

"Bibi Mathuso? Yule anayetembea ameinama na blanketi tupu? Zahanati wamempaka dawa ya mgongo mpaka dawa imekwisha. Nitamwambia aje."

Bibi alifika Alhamisi mchana kwa basi. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye kofia ya sufu, na alitembea kama watembeavyo waliobeba mtoto mkubwa: mwili mbele, mikono nyuma, vidole vimefumbatana chini ya blanketi. Ndani ya blanketi hamkuwa na kitu, ila lilikuwa limening'inia na kujaa. Alipokaa, benchi lililia.

"Kondakta amenilipisha nauli ya watu wawili," alimwambia Mampoi. "Nikamwambia mtoto yuko wapi? Akasema, bibi, usinifanye mjinga, kiti kimezama."

Mampoi alicheka, akamletea chai. Lipuo alikuwa amesimama mlangoni. Hakukimbia. Alikwenda taratibu mpaka nyuma ya bibi, akavuta ukingo wa blanketi, akachungulia ndani kama mtu anayekagua kitanda chake.

"Ndiye huyu mwalimu?" bibi aliuliza, akimwonyesha Annelies kwa kidevu. "Mbona mrefu hivi? Muulize shule inafungua lini."

Mampoi alitafsiri. Annelies akauliza, "Shule gani?"

Bibi Mathuso alieleza bila haraka. Binti mmoja wa shirika alikuja na gari jeupe. Alisema mtoto atakwenda kusomeshwa ng'ambo na watu wema, kisha atarudi. Jambo lenyewe halikuwa geni. Yeye mwenyewe alipokuwa mdogo aliazimwa kwa shangazi yake miaka minane, akachunga mbuzi wake, akarudi kwao amejua kushona. Mtoto huazimwa na bado ni wa kwao. Kwa hiyo alikubali. Yule binti aliweka karatasi juu ya boneti ya gari na kumwambia aweke dole gumba. Alipoinama kuliweka, binti mwingine alimchomoa mtoto mgongoni kwa nyuma.

"Hawakusubiri nifungue pini," alisema. "Mtoto hachomolewi. Unafungua, unamshusha, unampa mwenzako mgongo kwa mgongo. Wale walikuwa na haraka, wakachukua mtoto, wakaacha hivi." Akagusa mzigo nyuma yake. "Nimewatumia salamu waje wachukue. Hawajaja."

Annelies aliingia chumbani akatoka na nakala ya karatasi. Dole gumba lilikuwa chini kabisa, la buluu, limeteleza kidogo pembeni. Mampoi alisoma mistari iliyo juu yake, akaikunja karatasi.

"Inasema daima," alisema. "Inasema hana dai lolote juu ya mtoto, daima. Mama, hiki kitu mimi sitaki kukisema. Mimi ni wa kupika."

"Mwambie," Annelies alisema. "Tafadhali. Mwambie kama kilivyo."

Mampoi alimwambia. Alitumia maneno machache, na katikati akafuta meza ambayo ilikuwa safi. Bibi Mathuso alisikiliza hadi mwisho, akanywa chai iliyobaki, akageuza kikombe.

"Yule binti alisema mtoto atarudi," alisema. "Aliniambia mbele ya mbuzi wangu wote."

Lipuo alikuwa bado ameshika ukingo wa blanketi. Kulikuwa na maneno ambayo Annelies angeweza kuyasema, na hayakuwa mengi: mchukue, nitakwenda shirikani kuwaambia. Aliyajua yote. Yalimjaa mdomoni kama maji, naye alimtazama mtoto, sweta ya kijani, vibanio viwili vya nguo, na akayameza.

"Sasa ataishije hivyo?" bibi aliuliza hatimaye, akimtazama mtoto na si watu wazima. "Ona, hata kivuli chake kinapeperuka. Njoo hapa, we mzungu. Inama. Kumbe anajua kuinama! Nani kamfundisha?"

"Mimi," Mampoi alisema.

"Umemfundisha vizuri."

Mampoi alimpakia mtoto kwanza mgongoni mwa bibi, ndani ya blanketi lile. Lipuo alizama humo, akalaza shavu, na wote watatu wakasikia kitu kikikaa mahali pake, kama gunia linaposhushwa sakafuni taratibu. Walimwacha hapo. Chai ya pili ilipikwa ikapoa. Kisha bibi alifungua pini mwenyewe, akampa Annelies mgongo, na Mampoi akamhamisha mtoto pamoja na blanketi.

Magoti ya Annelies yalipinda. Alishika ukuta.

"Ndiyo," bibi alisema. "Hivyo. Alikuwa ananisumbua kwenye mteremko." Alisimama wima kwa mara ya kwanza tangu mtoto achukuliwe mwezi wa Juni, na visigino vyake vikaachana na ardhi kidogo, upana wa vidole viwili. Mampoi akamshika mkono. "Atarudi lini?" bibi aliuliza, kana kwamba karatasi haijasomwa.

"Tutakuja," Annelies alisema.

Mampoi alitafsiri neno hilo, moja tu.

Ijumaa daktari aliandika kilo kumi na gramu mia saba, akatia sahihi. Kutoka hapo Annelies alipita ofisi ya shirika na kueleza jambo la boneti ya gari. Afisa alimkaribisha kiti, akalinganisha dole gumba na lile la kitambulisho cha bibi, akasema ni la mtu yuleyule na kwamba karatasi iko sawa. Alimtakia safari njema. Kwenye ukumbi walikuwa wamekaa watu wengine wawili kutoka mbali, na kati yao mtoto wa kiume aliyeshikiliwa kwa mkanda wa suruali.

Jumapili, ndani ya ndege, Lipuo alilala juu ya mkono wa kushoto wa Annelies. Mkono ulikufa ganzi kabla ya kuvuka mpaka wa kwanza. Annelies hakuuondoa.

Bibi Mathuso alisafiri kwenye basi akiwa amebanwa na wanawake wawili wanene ambao Mampoi aliwaomba wamshikilie. Alipofika kwake, alitembea siku mbili akishika kuta na nyaya za zizi. Siku ya tatu alichukua jiwe la juu la kusagia, akalifunga mgongoni kwa shuka, na kwenda kuteka maji kama kawaida. Zahanati hawakumwandikia dawa tena. Watu wanaokutana naye kwenye mteremko humsalimia na kumuuliza shule ya mtoto inaendeleaje. Yeye husimama, hupandisha jiwe vizuri mgongoni kwa mikono miwili, kisha husema inaendelea vizuri.