Umeme wa Kigaeni

Mwaka ule wa mtihani wa kisomo cha watu wazima, Mwamvita alikuwa akipiga msasa miguu ya viti kwa mafundi wa Keko. Enzi zile nyumba hazijabanana. Ukikaa barazani unasikia randa zikikwaruza, harufu ya mninga imejaa mtaa mzima. Magharibi ikiingia, anajipangusa vumbi, anawasha koroboi, anafungua kitabu. Moshi unamtoa machozi hata herufi hazionekani. Nguzo ya umeme ilikuwa hatua saba toka mlangoni pake, ila bei yake ilikuwa ya wenye mishahara minono.

"Bi Mwamvita, mtihani Agosti," alimwambia Filomena, mwalimu wa kisomo, binti mpole kutoka Masasi. "Ukifaulu, dole gumba basi tena."

Mwamvita alilijua dole lake. Alipofiwa na mumewe, shemeji alimletea karatasi na wino, naye akaweka dole. Kiwanja kikaenda.

Filomena akamwandikia barua Hamisa, dada yake Mwamvita aliyeolewa Mombasa, kumweleza shida ya koroboi na bei ya umeme. Hamisa akajibu kwamba umeme wao unatoka kwenye mto wetu huku, unavuka mpaka, na kule wanauziwa nusu ya bei ya Keko. Wiki ya pili akaja nao. Aliubeba kwenye kigae, kaufunika kwa makumbi, kama tulivyokuwa tukiombana moto nyumba kwa nyumba. Mpakani ofisa wa forodha alifunua, akauangalia, akauliza kama kuna na vitenge. Hakuna. Akamwachia apite.

"Usiupulize, dada, si makaa hayo," Hamisa alisema. "Uweke tu pasipovuja."

Ulikuwa mweupe, hauna moshi, unanukia iliki kidogo. Kesho yake majirani wakaja na vigae vyao, Mwamvita akawamegea. Wake haukupungua. Filomena alihamishia darasa pale uani, na akina mama wakasoma kwa sauti huku wanachambua mchicha.

Agosti Mwamvita akafaulu.

Septemba akaja Jabiri, kijana wa kampuni ya umeme, mita kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kigoda."

Jabiri akachuchumaa, akakichungulia kigae. "Huu wa mto wetu."

"Ndiyo. Umepitia Mombasa."

"Basi umerudi nyumbani. Ukitumika Keko, unalipiwa bei ya Keko."

"Mbona wenzetu mnawauzia nusu?"

"Wale wananunua kwa jumla, mama. Halafu ni nchi jirani, kuna mkataba."

"Kwa hiyo mie nikihamia Mombasa, utanipunguzia?"

"Papo hapo."

Wakacheka wote wawili. Jabiri akatoa karatasi na kikopo cha wino. "Ukikubali, nafunga mita. Ukikataa, naondoka nao. Weka dole hapa."

"Kifunike kikopo chako. Nipe kalamu."

Mwamvita aliisoma karatasi yote, kidole kikifuata mstari. Bei ya jirani akaitamka. Bei ya Keko akaitamka, mara mbili yake. Hakukosea hata silabi.

"Umesoma sawasawa, mama," alisema Jabiri.

"Najua."

Akaandika jina lake, herufi zote nane, taratibu, pale panapotakiwa. Jabiri akaifunga mita juu ya kigae kwa misumari miwili aliyoazima kwa fundi, akashukuru, akaenda nyumba ya pili. Mita ikaanza kuzunguka.