Benchi la Chumba Namba Nne

Mara mbili msichana alifika kituo cha afya akarudia getini. Sindano hakuiogopa. Aliogopa benchi. Lilikuwa katikati ya ukumbi, mbele ya chumba namba nne, na kila mtu alijua anayekaa pale amefuata uzazi wa mpango. Alikuwa na miaka kumi na saba, mtoto wa miezi kumi, na nafasi ya shule aliyorudishiwa juzi tu. Mimba nyingine, basi tena.

Leo bibi yake alivaa viatu kimyakimya akafuatana naye. Walipoingia, alikwenda moja kwa moja kwenye benchi lile akaketi, mkoba mapajani.

"Bibi, umepotea," alisema mama mmoja aliyempakata mtoto mwenye kikohozi. "Wa macho wanakaa kule."

"Macho yangu mazima. Nimesoma mlangoni."

"Sasa wewe unazuia nini?"

"Mume wangu hujamwona, mwanangu."

Ukumbi mzima ulipasuka kwa kicheko. Hata mlinzi aliacha lango akasogea. "Shikamoo bibi! Huyo babu anakula nini?"

"Marahaba. Anakula maneno yangu tu."

Babu alifariki msichana akiwa darasa la pili. Wakiwa bado wanacheka, msichana alisukuma mlango wa namba nne, akaingia. Hakuna aliyemwona.

"Karibu, mdogo wangu," alisema muuguzi. "Humu hatugombezani."

Alimweleza njia zote bila haraka, na msichana akachagua sindano ya miezi mitatu.

"Mbona hukuja mapema?"

"Lile benchi, dada."

Muuguzi alichomoa sindano, akatazama mlangoni. "Nalipita kila siku. Sijawahi kulikalia."

Msichana alipotoka, vicheko vilikuwa vimekwisha. Bibi alikuwa akisugua goti.

"Imeuma?"

"Kidogo tu. Twende, bibi."

"Ngoja. Mguu umekufa ganzi."

Msichana alitazama ukumbi uliojaa. Mlango ulikuwa pale, hatua kumi tu. Akaketi kwenye benchi, akauweka mguu wa bibi mapajani mwake, akaanza kuukanda.

Mama wa mtoto mwenye kikohozi aliwatazama, bibi, kisha msichana, kisha mlango wa namba nne. Tabasamu likafutika usoni mwake. Msichana aliinamisha kichwa, akangoja neno.

"Kanda na kisigino, binti yangu," alisema yule mama taratibu. "Ganzi hukaa huko."