Mtaalamu wa Kusubiri

Mdogo wangu ni mwanasaikolojia wa elimu, na utafiti wake wa miaka yote ni huu: mwalimu akishauliza swali, amsubiri mtoto kwa muda gani kabla ya kumkatiza? Swali hilo amelipanda kama ngazi mpaka uprofesa. Mikutano kaenda, tuzo kapata. Nyumbani hajawahi kumsubiri mtu amalize sentensi, hata marehemu mama. Mganga hajigangi, lakini huyu kazidi.

Binti yake ana kigugumizi. Akifungua mdomo tu, baba keshammalizia, tena humalizia anavyotaka yeye. Alipoamua kumpeleka shule ya bweni, mtoto alijaribu kukataa mezani wiki nzima. Baba akatutafsiria kwamba amefurahi sana. Sanduku la bati likanunuliwa. Mtoto akaja kulia mapajani kwangu mimi shangazi yake, nikapandwa na hasira. Nilipokwenda kumsema ndugu yangu, alinikatiza kwenye salamu.

Siku ya mhadhara wake wa uprofesa ukumbi ulifurika. Akahubiri subira mpaka nikaona aibu mimi. Kisha akamwita binti yake jukwaani, amuulize swali moja, watu waone bingwa anavyosubiri. Akamuuliza anaionaje shule mpya.

Mtoto akaanza, neno likakwama. Midomo ya baba ikawa inamcheza, inataka kummalizia, lakini wakubwa wake wote walikuwa wanamtazama. Akaung'ata ulimi. Tangu yule mtoto azaliwe, ndiyo kwanza baba yake anamsubiri.

"Si-sitaki kwenda bweni," akasema. "Nataka kukaa nyumbani."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi, eti mbinu imefanya kazi. Na yeye, haya hana, akainama kupokea pongezi, mkono tayari unatafuta slaidi inayofuata. Nikasimama.

"Mtoto amejibu, Profesa. Na wewe unamjibuje?"

Akacheka kidogo. Akatazama saa, akatazama dari. Hakuna aliyemwokoa, maana alikuwa ametufundisha vizuri mno: ukumbi mzima ulinyamaza, ukamsubiri. Mkuu wa chuo akakunja mikono, akaegemea kiti. Jasho likamtoka mdogo wangu kama mbeba zege.

"Ha-haendi," akasema.

Lile sanduku nimelichukua mimi, naweka vitunguu.