Zamu ya Khole na Cheti cha Raghad

"Mahari ya mwanangu haiendi chuoni, Nasriya. Simama hapo mpaka Magharibi ukitaka, jibu ni hilohilo."

Khole kajaa kwenye geti lake, mkono huku na mkono kule, kama anayezuia mbuzi wasitoroke. Nasriya yuko nje, juani, abaya imemganda mgongoni. Na mie nimo katikati yao, bahasha ya pesa imo mkobani, sijui nimpe nani mgongo. Ilikuwa Ijumaa, wanaume ndio kwanza wanatoka msikitini, na kila gari iliyopita njia yetu hapo mtaa wa Hail ilipunguza mwendo. Nisiseme uongo: ungekuwa ugomvi wa watu wengine, na mie ningepunguza.

Mie ndiye kijumbe wa mchezo wetu. Tuko wanawake kumi, wote wa njia moja, wengi wetu wazee wetu walivuka bahari kuja huku kutoka Unguja. Kila mwezi kila mmoja anatoa riali mia, zote anazibeba mmoja. Zamu tunapigia kura nyumbani kwangu, kwa chai na makelele. Ukitaka kubadilishana na mwenzio, unamwendea mwenyewe mlangoni kwake na unamwomba kwa mdomo wako. Kijumbe hana amri hapo. Watu wanabadilishana sana, huyu kafiwa, yule anaozesha. Lakini kwetu kumkatalia mtu usoni ni aibu kubwa, kwa hivyo kabla ya kuomba unampitisha mtu apeleleze, kama mwenye zamu yake yuko tayari au hayuko. Kazi hiyo ya kupeleleza, alhamdulillahi, nnaiweza. Nasriya hakunituma. Alikuja moja kwa moja, na akaja nyumba ambayo hakutakiwa kuja.

Maana zamu ya mwezi huu ni ya Khole, na mwanawe Sinan kaposa mji wa Barka. Watu wa Barka wanangoja mahari yao.

Nasriya anaitaka zamu hiyo kwa ajili ya binti yake, Raghad. Mtoto huyo kasoma miaka miwili chuo kimoja cha kulipia, kamaliza diploma ya masomo ya jumla. Tulipokuwa tukimuuliza Nasriya ni masomo gani hasa, alikuwa akijibu, "Ya kila kitu," nasi tukitikisa vichwa, tukidhani anayesoma kila kitu hatakosa kazi popote. Nasriya alikopa benki kwa mshahara anaoupata skuli. Mkopo ukaishia njiani, muhula wa mwisho ukabaki haujalipwa, na chuo kikakizuia cheti mpaka zije riali mia tisa. Sasa kampuni moja yenye maghala kule mtaa wa Ghala imekubali kumwajiri Raghad ofisini. Jumapili anatakiwa aende na cheti chenyewe, si kivuli.

Mpaka hapo ungemwonea Nasriya huruma. Lakini njia nzima inajua kwamba miaka miwili nyuma Khole na dada zake walikwenda kwa Nasriya na sinia la halwa, kumtaka Raghad kwa ajili ya Sinan. Nasriya aliwapokea vizuri, akawaambia wangoje mtoto apate cheti. Walipotoka, akawaambia majirani waliobaki kwamba msichana mwenye diploma mahari yake si ile ya sinia moja la halwa. Neno kama hilo halilali nyumba moja. Khole lilimfikia bado hajavua viatu.

Ndiyo maana siku ile getini alisema pole pole, kama mtu anayesoma:

"Ulitwambia tungoje cheti. Leo unataka nikukombolee cheti hicho mie, kwa mahari ya mke mwengine."

Nasriya aliibandua abaya mgongoni. Kisha akasema zamu yake yeye ni Desemba, Khole ataichukua yote. Khole akajibu kwamba watu wa Barka hawatangoja mpaka Desemba. Nikaingilia mie, nikapendekeza wagawane nusu kwa nusu, lakini hakuna aliyeniangalia.

Lakini Khole si mtu mbaya. Anapiga kelele, halafu moyo unamrudi. Nikamwona macho yake yanakwenda kwenye gari ya Nasriya, Raghad yumo ndani, kiyoyozi kinaunguruma, kaangalia mbele tu. Khole akashusha mkono mmoja.

"Niambie kitu kimoja," alisema. "Nikiwapigia simu watu wa Barka nikawaomba muda, nikajifedhehesha, mtoto atapata nini? Atapata maisha yake, au vipi?"

Nasriya alikuwa ameshafungua mdomo kujibu pale Raghad alipozima gari na kushuka.

"Khalti Khole, usiwapigie," alisema, akimwita mama mdogo kama watoto wote wa njia yetu.

Mamake akamwambia arudi garini. Hakurudi.

"Kule Ghala, mwenye cheti changu wanampa mia tatu na hamsini. Niliwauliza, na mwenye cheti cha skuli tu? Mia tatu na ishirini na tano. Diploma yangu, khalti, ni riali ishirini na tano kwa mwezi. Mia tisa ya chuo itanichukua miaka mitatu kuirudisha. Halafu kuna deni la mama benki, elfu nne bila faida yao. Nimepiga hesabu mpaka nimechoka. Nitakuwa karibu na arubaini ndio cheti hicho kianze kuniingizia chochote."

"Utaendelea upate digrii," Nasriya alisema. "Mshahara utapanda."

"Nilikwenda kuuliza chuo kikuu, mama. Nusu ya masomo yangu hawayahisabu. Wanataka nianze takriban upya, na pesa upya."

"Basi Jumapili utakwenda na nini?"

"Na cheti cha skuli. Nimeshawaambia sina chengine."

Nasriya alimkazia macho. "Umewaambia hukusoma?"

"Nimewaambia."

Sijapata kuona mtu akifuta miaka yake miwili mbele ya mamake, kwa sauti ile ile anayoombea chumvi mezani. Na deni la benki liko palepale, litakatwa kwenye mshahara wa Nasriya mwisho wa mwezi huu na ule na mwengine, litakatwa mpaka astaafu, kwa kitu ambacho mtoto mwenyewe amekikana.

Nikaitoa bahasha, nikampa Khole. Aliipokea bila kuifungua, akaikunja kwenye kiganja. Niliyemtazamia kufurahi hakufurahi.

Nasriya akaanza kutafuta ufunguo wa gari mkobani, akasahau kwamba Raghad ndiye aliye nao. Aliendelea kupekua tu.

Khole akatoka pale getini, akausukuma mlango wa chuma mpaka mwisho.

"Ingieni mle chakula," alisema.

Nasriya akasema wameshakula. Sote tulijua hawajakula.

"Sikukuuliza kama mmekula." Kisha Khole akamgeukia Raghad, aliyekuwa amebaki nyuma kando ya gari, na sauti ikamshuka. "Sinan hayupo, kenda Barka. Njoo ule, mwanangu."