Alama ya Maji kwenye Shati la Ewald

Ijumaa saa moja asubuhi Ewald Krischel alibandika utabiri wa hali ya hewa kwenye ubao wa halmashauri ya mji wa Niederwalsch. Karatasi ilisema mkoa mzima utakuwa na wiki ya vuguvugu kwa majira hayo ya baridi: nyuzi nane hadi kumi na moja, mvua za vipindi, kubwa zaidi Jumapili, mito kupanda kidogo. Alipochomeka pini ya nne, maji yalianza kupanda kwenye nguo zake. Yalitoka kwenye viatu, yakapita magoti, yakapita mkanda, yakaingia kwenye shati na kutulia kifuani, chini kidogo ya mfuko wa kalamu.

Ilikuwa hivyo kila Ijumaa kwa miaka kumi na tisa. Nguo za Ewald zililowa hadi kimo ambacho mto Walsch ungefikia kwenye Mtaa wa Chini wiki hiyo, na hazikukauka mpaka mto ushuke. Mara nyingi ilikuwa soksi tu. Watu walisikiliza utabiri redioni kujua kama wabebe mwavuli, na walimtazama Ewald kujua kama watoe viazi kwenye stoo ya chini ya nyumba.

Kwa Bibi Nelles, muuza mikate, wanawake walikuwa wamepanga foleni ya maandazi ya jamu ya kanivali, sherehe za kabla ya Kwaresima. Ewald alipoingia walimtazama suruali, kisha shati.

"Lini?" aliuliza Bibi Nelles.

"Jumatatu. Maji ya milimani huchukua siku moja kufika."

"Jumatatu si ndiyo maandamano ya kanivali?"

"Ndiyo, mama."

Alimfungia maandazi mawili. Wanawake walirudi nyumbani kupandisha vitu ghorofani.

Nyumba ya wazee ya Mtaa wa Chini haikuwa na ghorofa. Wazee walikuwa kumi na wawili, wote wagonjwa wa kulala kitandani, na kitanda cha dirishani kilikuwa cha Apollonia, mama yake Ewald, mwenye miaka themanini na tisa. Sista Irmtrud, mtawa aliyewatunza, alimsimamisha Ewald ukutani akampima kwa futi ya fundi cherehani: mita moja na sentimita ishirini na nne. Alipiga simu mkoani kuomba magari ya wagonjwa. Alijibiwa kwamba utabiri unasema mito itapanda kidogo, na wagonjwa hawahamishwi kwa sababu ya shati. Isitoshe barabara ya kupanda juu ilikuwa imefungwa tangu asubuhi kwa ajili ya kanivali. Zilizoruhusiwa kupita ni trela za chama cha kanivali tu.

Trela zilikuwa tisa, na zote zilikuwa zimeshavalishwa mapambo ya maandamano. Niederwalsch, trela ikishavalishwa haivuliwi kabla ya Jumatano ya Majivu. Kuna mwaka marehemu mmoja alikaa sebuleni kwake siku tano kwa sababu trela ya kumbeba ilikuwa imevalishwa kama nyangumi.

Ewald alikwenda kwa mwenyekiti wa chama, Rüdiger Pauly. Alimkuta uani kwake anagundisha manyoya kwenye bata bukini mkubwa wa mbao.

"Nipe trela mbili, Rüdiger. Nitazivua mwenyewe, na Jumapili jioni nitazivalisha tena."

Pauly alimtazama kifuani na hakubisha. Trekta yake mwenyewe ilikuwa imeshapelekwa juu, mbali na maji.

"Karatasi yako inasemaje?"

"Kupanda kidogo."

"Basi mimi nafuata karatasi. Ukitaka nifuate shati lako, lipeleke redioni likasomwe."

"Mama yangu yuko pale."

"Na shangazi yangu yuko pale. Unadhani nimemsahau? Nikivua trela moja, mwakani kila mtu atakuja na shida yake, na kanivali imekwisha." Aliupuliza unyoya ukae sawa. "Chukua meza tupu za ukumbini, na kreti za bia. Meza nyingine zimeshaandaliwa chakula cha wageni. Na nizione Jumatatu usiku, kuna dansi."

Meza ambazo hazikuwa zimeandaliwa zilikuwa kumi na moja. Zilikuwa nyembamba, za kulaza mtu mmoja mmoja. Jumamosi na Jumapili Ewald na Sista Irmtrud walizipandisha juu ya kreti na kutandika magodoro, na kila mzee alipokwisha kuwekwa, Sista alimwita Ewald asimame kando ya godoro. Alama ya shati ilikuwa chini ya kila godoro kwa kiganja kimoja. Meza zilipokwisha, Apollonia alikuwa bado kitandani. Ewald alichuchumaa ampandishe mgongoni, ampeleke mji wa juu kwa ngazi za mtaani.

"Unibebe mimi, uwaache hawa?" alisema Apollonia. "Jumanne nitawasalimu kwa uso gani? Nitakaa mabegani kwako, hapahapa."

Jumatatu saa nane mchana ngoma zilianza huko juu. Saa nane na nusu maji yaliingia kupitia tundu la bafuni, ya kahawia, yakibeba majani ya mizabibu. Ewald alisimama katikati ya chumba, mama yake mabegani. Maji yalifika magotini, kwenye mkanda, kisha kwenye alama, yakasimama. Miguu ya Apollonia ilikuwa imezama hadi juu ya vifundo. Kutoka juu umati ulipiga ukelele wa kanivali, "Helau!", na wazee juu ya meza waliuitikia kwa sauti ndogo, kwa mazoea.

"Mama, uko sawa?"

"Usiongee. Unanitikisa."

Alisimama hivyo kwa muda wa saa tano. Mto uliposhuka, shati lilikauka dakika hiyohiyo. Pauly alikuja mwenyewe na kitambaa, akazipangusa meza moja moja na kuzipeleka kwenye dansi.

Apollonia alikufa Ijumaa, kwa homa ya mapafu. Trela zilikuwa zimeshavuliwa, kwa hiyo moja ilimbeba hadi makaburini, manyoya machache yakiwa bado yamenata ubavuni. Pauly aliendesha trekta. Alilia, na alikuwa analia kweli.

Mwaka uliofuata chama kilitengeneza trela ya Ewald: sanamu ya mita tatu yenye pampu ndani ya kuilowesha suruali. Ewald aliombwa idhini, akaitazama, akasema pua imefanana. Nyumba ya wazee ilipakwa rangi.

Ijumaa kabla ya maandamano alimpelekea Sista Irmtrud utabiri. Wiki ya vuguvugu, mvua za vipindi. Kitanda cha dirishani kilikuwa na Mwalimu Theisen, mstaafu. Mwalimu alimtazama nguo kabla ya kumsalimu.

"Imefika wapi?"

"Kiunoni."

Mwalimu Theisen alihesabu vitanda kwa kidole, kumi na viwili.

"Meza ziko ngapi?"

"Kumi na moja," alisema Ewald.