Upepo wa Kampuni

Asubuhi hiyo madereva wawili walikuwa wamekwisha kuchaniana mashati kabla hata ya kunawa uso, na kilichowagombanisha kilikuwa kona ya ukuta. Kila mmoja alidai kuwa pale ndani kabisa, nyuma ya nguzo ya mwisho, mahali ambapo simu haioneshi hata mstari mmoja wa mtandao, ni pake. Yule mfupi alimpiga mwenzake kichwa cha pua. Yule mrefu, damu ikimtiririka hadi kidevuni, alimkunja mfupi ukosi na kumbamiza kwenye gari lake mwenyewe, hata kioo cha pembeni kikabaki kikining'inia kwa waya.

Msumari aliwapita akiwa amebeba waya wa kuchajia begani. Hakuamua ugomvi. Alikuwa na mikate ya kufikisha madukani kabla watu hawajaanza kuiulizia, na isitoshe, ni yeye aliyeligundua shimo lile. Kila ngumi iliyorushwa mle ndani ilimwacha na haya kidogo, kama mwenye nyumba ambaye wageni wake wanatukanana.

Shimo lenyewe lilikuwa ghorofa ya chini ya ardhi ya kiwanda cha barafu kilichofungwa. Kuta zake zilijengwa nene ili baridi isitoke, na sasa zilikuwa na faida nyingine: mawimbi ya mtandao hayakupenya. Magari yaliyolazwa humo yalikuwa madogo, meupe, ya umeme, mali ya kampuni iliyoyakodisha, pamoja na madereva na wapakuzi wake, kwa viwanda vya mikate, maziwa na maji. Hayakuwa na ufunguo, wala breki ya mkono. Kila kitu kilitendwa na kompyuta iliyofichwa chini ya kiti, nayo kompyuta ilipokea maagizo kutoka hewani. Kampuni iliyaita masasisho. Madereva waliyaita upepo.

Gari likilala mahali penye mtandao, dereva huamka akakuta limepigwa upepo, na hakuna upepo uliopita bila kuondoka na kitu. Wa kwanza uliondoka na redio. Uliofuata ulipunguza sauti ya honi, ikawa kama ya mtu anayeomba radhi. Mwingine ulichukua nguvu ya kupandia milima, na wiki ile ile nguvu hiyo ikaanza kuuzwa kama kifurushi cha mwezi, kinacholipiwa na dereva kutoka mfukoni mwake. Mbele ya geti la yadi ya kampuni palisimamishwa bango lenye picha ya mtu aliyelala usingizi wa pono, na chini yake maandishi: GARI LAKO LINABOREKA WEWE UKIWA UMELALA. Mafundi waliokuwa wakifanya kazi nyuma ya bango hilo walikuwa wamekwisha kuachishwa, kwa maelezo kwamba biashara ya kusasisha magari kwa njia ya hewa inakua kila uchao, na spana haina tena nafasi ndani yake.

Ndiyo maana magari yalilazwa shimoni. Mchana yalikuwa barabarani, na upepo haukuweza kumalizia kazi yake ndani ya gari lisilotulia. Usiku hayakuonekana. Kila asubuhi kioo cha kompyuta, mbele ya usukani, kiliuliza kama dereva yuko tayari kwa sasisho, na kila asubuhi Msumari alibonyeza neno BAADAYE kwa kidole gumba, kama mtu anayefukuza inzi.

Siku hiyo pia alibonyeza. Ila maandishi hayakuondoka upesi. Yalikaa, mekundu, yakisema kuwa gari limechelewa masasisho mengi mno. Msumari aliyatazama, akabonyeza tena, yakatoweka.

"Limekasirika?" aliuliza shemeji yake, akijipenyeza kwenye kiti cha pembeni. Alikuwa mdogo wa mke wake, mnene wa kifua na tumbo, na kiwandani wote walimwita Pipa. Kazi yake ilikuwa kupakua kreti za mikate.

"Limenuna."

"Lipe pole. Hata mimi ningenuna, kubebeshwa mtu mwembamba hivi kila siku. Linadhani kiti ni kitupu."

"Afadhali mimi linadhani sipo. Wewe ukikaa matairi yanaomba ruhusa ya kwenda nyumbani."

Walikwenda hivyo, wakitaniana kama kawaida yao, hadi soko la juu. Duka la mwisho lilikuwa kwenye uchochoro wenye mwinamo mkali, ambako wachukuzi hupanda na mikokoteni wakiwa wameinama kama wanaotafuta kitu kilichoanguka. Msumari alisimamisha gari likielekea juu, akaondoa mguu kwenye breki. Gari lilijishika lenyewe, kama lilivyokuwa likifanya siku zote. Kishikio hicho cha mlimani ndicho kilichokuwa badala ya breki ya mkono. Pipa alishuka, akazunguka nyuma, akafungua milango. Nyuma yake, hatua chache chini, palikuwa na nguzo ya zege iliyoshikilia paa la soko.

Kioo kiliwaka. Mara hii hakikuuliza. SASISHO LA LAZIMA LINAENDELEA, kiliandika, na neno BAADAYE halikuwepo popote. Msumari alibonyeza pale lilipozoea kuwa, akabonyeza tena. Taa zote za gari zikazimika, feni ikanyamaza, milango ya mbele ikajifunga.

Alimsikia Pipa akimuuliza mwenye duka kama jana mikate iliuzwa yote. Kisha taa zikawaka upya, ikasikika sauti ya kike, laini, ikimkaribisha dereva kwenye gari lake jipya, na gari likaanza kurudi nyuma.

Msumari alikanyaga breki. Ilikuwa ngumu kama jiwe. Alikanyaga kwa miguu yote miwili akijiinua kitini, mgongo wake ukigonga paa, na gari liliendelea kuteremka bila haraka, kama mtu anayerudi kukaa mahali pake. Kreti zilianguka. Halafu kulisikika mlio ambao si wa bati wala wa mbao, na juu yake sauti ya Pipa.

Gari lilisimama kwa kuwa halikuwa na pa kwenda. Bampa lilikuwa limebana mguu wa kulia wa Pipa kwenye nguzo, chini kidogo ya goti. Mbele ya Msumari kioo kilikuwa kimetulia, kikiwa na maandishi meupe: kishikio cha mlimani kimehamishiwa kwenye kifurushi, ili kuendelea kutumia gari, dereva aweke kidole gumba hapa kukubali masharti mapya.

Alinyoosha mkono. Kidole hakijafika, kioo cha dirisha kilimpasukia usoni.

Wachukuzi walikuwa wameona walichokiona: gari linarudi nyuma, dereva yumo ndani, mtu anasagwa. Hawakuhitaji maelezo. Mikono mitatu minne iliingia dirishani, ikamshika nywele, shati, sikio, ikamvuta nje juu ya vipande vya vioo hadi tumbo likachanika. Alianguka chali. Mmoja alimkanyaga mbavu. Mwingine, aliyekuwa na mti wa mkokoteni, alimpiga begani, kisha akamlenga kichwa na kumkosa, mti ukavunjika barabarani.

"Niacheni nibonyeze," Msumari alisema. "Niacheni nikabonyeze, jamani."

Hawakumwelewa. Alipotambaa kuelekea mlangoni walidhani anataka kukimbia na gari, wakamvuta miguu. Aliwauma. Alipigwa teke la mdomo, akahisi jino likilala juu ya ulimi wake kama punje ya mchanga. Na wakati wote huo, kati ya teke na teke, alikuwa akimsikia shemeji yake.

Aliyewanyamazisha alikuwa Pipa mwenyewe. Uso wake ulikuwa umekuwa wa rangi ya majivu, na jasho lilimtoka hadi kwenye kope.

"Nyanyueni gari kwanza, wapumbavu nyie," alisema. "Mtamuua baadaye."

Walisita. Msumari alitumia kusita huko kujitupa ndani kupitia dirishani, akabandika kidole gumba kwenye kioo. KIDOLE HAKIJATAMBULIWA. Kilikuwa kimelowa damu. Alikifuta kwenye suruali, ikawa suruali ndiyo yenye damu zaidi, akabandika tena. KIDOLE HAKIJATAMBULIWA. TAFADHALI JARIBU TENA. Alikilamba. Alibandika kingine. Mwishowe alikipiga kile kioo kwa ngumi, nacho kikamtaka asubiri kidogo.

Wachukuzi hawakusubiri. Waliacha mikokoteni ikiteremka peke yake, wakalizunguka gari, wakaingiza mabega chini ya bampa. Watu wale wale waliokuwa wakimvunja mbavu sasa walimwita Msumari aje ashike upande wake. Walinyanyua wakipiga ukelele mmoja. Gari lilipanda kidogo, likaning'inia mikononi mwao, na mwenye duka akamvuta Pipa kwa makwapa. Mguu ulimfuata, lakini haukumfuata vizuri.

Mkewe Msumari aliwakuta hospitalini, kwenye ujia, aproni yake ya kufulia ikiwa bado imelowa maji ya sabuni. Alifua mashuka ya nyumba ya wageni, na mikono yake ilikuwa imara kuliko ya wanaume wengi. Daktari alikuwa amekwisha kusema yake: mguu ungeweza kuokolewa, lakini saa za kuokoa mguu si nyingi, na chumba cha upasuaji hakifunguliwi bila dhamana ya mwajiri. Pipa alikuwa nyuma ya pazia, amechomwa sindano, akiropoka kuhusu mikate.

Msimamizi wa yadi alifika akiwa na kishikwambi kwapani. Alikuwa kijana nadhifu, mpole wa maneno, na alitoa pole kwa kila mmoja kabla ya kukaa. Alieleza kuwa kampuni imeguswa sana. Alieleza kuwa taarifa ya kuhamishwa kwa kishikio ilitumwa kwa magari yote siku nyingi zilizopita, na kila dereva aliyeipokea alipewa muda wa kutosha wa kujiandaa. Kwa bahati mbaya gari hili halikuipokea. Kumbukumbu zake zilionesha kuwa kila usiku lilipotea hewani, likaonekana tena alfajiri, mahali pale pale.

Akakigeuza kishikwambi. Palikuwa na sentensi chache tu: kwamba dereva alikwepa masasisho kwa makusudi, na kwamba ajali imetokana na uzembe wake. Kidole kikibonyezwa, alisema, dhamana itaingia hospitalini papo hapo. Kuhusu kazi, hilo lingezungumzwa baadaye, ingawa asingependa kumpa ndugu Msumari matumaini.

Mkewe alikuwa amesoma pamoja nao, akifuata mistari kwa kidole.

"Ni kweli?" alimuuliza mumewe. "Mlikuwa mkilificha?"

"Kweli."

"Wazo la nani?"

Msumari alitazama pazia. "Langu."

Mkewe alimzaba kofi upande ule ule uliovimba, kwa mkono mzito wa maji, na muuguzi aliyekuwa akipita akageuka. Msumari hakujikinga. Alitaka kumwambia kwamba ukweli ule ulioandikwa pale ulikuwa nusu, na kwamba nusu ya pili ilikuwa kubwa zaidi: breki iliyogeuka jiwe, mlango uliojifunga, kitu kilichokuwa ndani ya gari tangu siku ya kwanza kikang'olewa mchana kweupe, mlimani, ili kiuzwe. Alijaribu kumwambia msimamizi hayo hayo, mdomo wake ukitoa maneno pamoja na mate mekundu. Msimamizi alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kuwa ni hoja nzuri, ila kwenye fomu hakuna nafasi ya maelezo.

Nyuma ya pazia Pipa aliuliza kama kreti zimehesabiwa.

Msumari alinyoosha kidole. Kilikuwa kimevimba, kimekuwa cheusi chini ya ukucha, na kishikwambi kilikikataa. Msimamizi alitoa kitambaa mfukoni, cheupe, kilichopigwa pasi. Aliushika mkono wa Msumari, akakipangusa kile kidole polepole, mkunjo kwa mkunjo, kama mzazi anayempangusa mtoto baada ya kula. Kisha akakiweka mwenyewe juu ya kioo na kukigandamiza. Msumari aliguna kwa maumivu. Kioo kikawa cha kijani.

"Imepokelewa," alisema msimamizi. "Ahsante sana, ndugu."

Machela ilisukumwa kutoka nyuma ya pazia ikiwa na Pipa juu yake, ikapotelea kwenye milango miwili mwisho wa ujia. Mkewe Msumari aliisindikiza kwa macho mpaka milango ilipotulia. Ndipo alipomgeukia msimamizi, akamnyang'anya kishikwambi bila kukurupuka, kama anayepokea shuka chafu. Alikipiga kwenye ukingo wa benchi. Kilipopinda, akakitupa chini na kukikanyaga.

Msimamizi alirudi nyuma hatua moja, asichafue viatu. Hakuonekana kukasirika.

"Mama, hakuna unachozuia," alimwambia. "Imeshakwenda hewani."

Mwanamke aliendelea kukanyaga. Kisigino cha ndala yake kilichanika, damu ikaanza kuchora sakafu, naye akaendelea, aproni ikimpiga magotini, hadi kioo kikawa unga. Muuguzi alimwita mlinzi. Mlinzi alipofika mbio na rungu mkononi, Msumari alinyanyuka kwenye benchi, akishikilia mbavu zake, akasimama katikati ya ujia, kati ya rungu na mkewe.