Kadi Iliyolala Kwenye Barafu

Ka! Kisha kimya. Kisha tena, ka!, kama mtu anayetafuna njugu kwa siri.

Corinne Szabo alisimama mlangoni mwa jiko bila kuwasha taa, akatega sikio. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri, na Toledo mwezi wa Januari jua halina haraka na mtu. Sauti ilitoka kwenye sinki, ndani ya kopo kubwa la plastiki lililowahi kuwa la aiskrimu. Ilikuwa barafu inapasuka. Aliitoa kwenye friza tangu jioni, akalala akiamini kwamba asubuhi atakuta maji. Akakuta jiwe.

"Fanya haraka basi," aliinong'oneza. "Leo ndiyo Ijumaa yenyewe."

Katikati ya lile jiwe ililala kadi ya mkopo, ya buluu, uso juu, jina lake likionekana herufi kwa herufi.

Kadi ile aliipata akiwa na miaka kumi na tisa, wiki ya kwanza ya chuo. Kijana mmoja mwenye meno mazuri aliweka meza chini ya turubai, na kila aliyejaza fomu alipewa fulana na kipande cha pizza. Pizza iliisha palepale. Fulana ilichanika kabla ya mitihani. Chuo chenyewe hakukimaliza. Kadi tu ndiyo iliyodumu, miaka kumi na sita sasa, kuliko kitu kingine chochote alichowahi kusaini, cheti cha ndoa kikiwemo.

Brock, aliyekuwa mumewe, aliipenda kadi ile kuliko yeye. Alinunulia boti ya kuvulia samaki ziwani. Kisha injini ya boti. Kisha tela la kuivutia boti. Kisha akaivuta boti akaenda zake, boti ikawa yake, deni likawa la Corinne. Miaka minne alikuwa akilipa, mshahara wa mpishi wa shule ukipita mkononi kama maji ya kunawa. Na ili asije akashawishika kuitumia tena, alifanya kile ambacho wanawake wenzake wa jikoni walishauriana kila siku huku wakimenya viazi: aliitia kadi kwenye kopo, akajaza maji, akagandisha. Tamaa ya kununua ikikupanda, walisema, mpaka barafu iyeyuke tamaa nayo itakuwa imeshuka.

Tilda, binti yake, alikuwa na miaka mitatu alipoiona mara ya kwanza. Alishika shavu, akatazama kwa muda mrefu, akaamua ni samaki. Akampa jina la Geraldine. Sasa ana miaka mitano na bado kila akifungua friza humwambia Geraldine usiku mwema.

Mwezi wa Novemba Corinne alilipa dola ya mwisho. Alikuwa ameingoja siku hiyo kama wenzake wanavyongoja harusi. Alishika simu palepale, aipigie benki, aseme kwa sauti yake mwenyewe: funga. Kwa bahati mbaya, au nzuri, dada yake Ilene alikuwa amekaa mezani anakunywa kahawa.

"Weka simu chini," Ilene alisema.

"Sina deni lao hata senti."

"Ndiyo maana nakwambia weka chini. Cori, mdogo wangu, unataka nyumba au unataka kujifurahisha?"

Ilene alifanya kazi dirishani kwenye chama cha akiba na mikopo, na mambo ya alama, zile ambazo wakopeshaji humpimia mtu uaminifu wa kulipa madeni, aliyajua kama padri anavyojua dhambi za parokia yake. Akachukua sufuria mbili juu ya jiko, kubwa na ndogo, akaziweka mezani.

"Kadi hii kikomo chake ni elfu kumi. Ile nyingine, uliyonunulia matairi ya gari, elfu mbili. Jumla una sufuria ya elfu kumi na mbili. Humo ndani unadaiwa mia saba tu, za matairi. Si wali kidogo chini ya sufuria kubwa? Wakubwa wakichungulia wanasema, aa, mwanamke huyu hana njaa, tumwamini. Sasa funga hii." Akaiondoa sufuria kubwa. "Wali ni uleule. Sufuria imebaki hii. Wakichungulia wanaona nini?"

"Theluthi ya sufuria."

"Wanaona mlafi. Alama zinaporomoka. Unazo ngapi?"

"Mia sita sitini na nane."

"Na jiji likusaidie malipo ya mwanzo ya nyumba unatakiwa uwe na ngapi?"

Walijua wote wawili. Mia sita na sitini. Nyumba yenyewe ilikuwa ndogo, ya matofali, ina kibaraza cha mbele na dirisha la jiko linalotazama mashariki. Bila msaada wa jiji isingekuwa nyumba yake. Ingekuwa nyumba ya watu, na yeye na Tilda wangebaki hapa juu ya duka la kufulia, ambapo ukuta hutetemeka mashine zikizunguka.

"Basi niilipe ile ya matairi kwanza."

"Kwa pesa zipi? Zote ulizoweka ni za nyumba, na bwana Abernathy kakukataza kuzigusa."

Ni kweli. Bwana Abernathy, afisa wa mikopo, mtu mpole mwenye tai za rangi ya haradali, alimwita ofisini akamkanya kama mzazi. Usinunue gari. Usinunue sofa. Usifungue kadi, usifunge kadi. Siku chache kabla ya kusaini tutachungulia tena. "Mama, wewe ishi kama picha ukutani," alisema.

"Kwa hiyo aliyeninyonya miaka minne nimtunze kama mgeni," Corinne akasema.

"Mpaka upate ufunguo. Halafu tutamfukuza kwa adabu, kwa mpangilio. Usimfukuze kwa hasira, hasira yako haimuumizi yeye."

Basi Corinne akawa picha ukutani. Desemba ikapita. Kisha, wiki ya pili ya Januari, benki ikamwandikia barua. Mteja wetu mpendwa, ilisema, hujaitumia kadi yako kwa miaka miwili. Usipoitumia kufikia Ijumaa hii, tutalazimika kuifunga.

Corinne alimsomea Ilene barua ile kwenye simu.

"Wakiifunga wao?" Corinne aliuliza.

"Sufuria ni ileile inayoondoka. Cori, hukuwa unainunulia chingamu?"

"Chingamu gani?"

"Jamani! Kila mtu ananunua chingamu! Mimi nina kadi tatu za zamani, kila miezi mitatu naenda kituo cha mafuta, kadi hii chingamu, kadi hii chingamu, kadi hii chingamu. Kuzionyesha tu kwamba bado nazipenda. Wewe umeiweka wapi hiyo kadi?"

"Kwenye friza."

"Kwenye friza."

"Ndani ya barafu, dada. Wewe mwenyewe ulinisifu."

Hivyo ndivyo Ijumaa alfajiri ilivyomkuta Corinne gizani, akibembeleza kopo. Aliwasha birika, akamwaga maji ya moto pembeni taratibu. Mikrowevu aliiogopa, maana jikoni kazini kuna aliyewahi kuipika kadi yake mpaka ikajikunja kama ubavu wa nguruwe. Barafu ikalia tena, ikagawanyika.

"Unamwamsha Geraldine?"

Tilda alikuwa mlangoni, soksi moja mguuni, nyingine mkononi.

"Kidogo tu, mpenzi. Anakwenda dukani mara moja, kisha anarudi kulala."

"Kuna nini dukani?"

"Chingamu."

Tilda alifikiri. "Samaki hawana meno ya nyuma," alisema, akaenda kutafuta viatu.

Saa kumi na mbili na robo walikuwa kwenye kituo cha mafuta, theluji ikiwa imelundikwa pembeni kama nguo chafu. Keshia, mzee Lonnie, alimjua.

"Wewe si mdogo wake Ilene? Yule wa chingamu tatu?"

"Mimi ni wa moja tu."

Akaweka paketi kaunta. Dola moja na senti ishirini na tisa. Akaingiza kadi mashineni. Mashine ikafikiri. Ikapiga kelele mbaya, fupi.

"Imekataa," Lonnie alisema.

"Ifute. Ina maji."

Lonnie akaifuta kwa tumbo la sweta yake, akairudisha. Ikakataa tena. Nyuma ya Corinne foleni ilianza kukohoa. Dereva mmoja wa lori, mtu mpana mwenye kofia ya manyoya na kahawa mbili mikononi, alisogea.

"Dada, acha. Nitakulipia mimi hiyo chingamu."

"Asante, kaka. Hapana."

"Ni dola moja."

"Najua ni dola moja. Lazima nidaiwe mimi."

Dereva alimtazama, akamtazama mtoto, akamtazama Lonnie. "Huyu yuko sawa?"

"Ana nyumba anainunua," Lonnie alisema, kana kwamba hilo linaeleza kila kitu, na kwa hakika lilieleza, kwa kuwa dereva aliinamisha kichwa kama mtu aliyesikia habari ya msiba.

"Pole sana. Mimi nilipitia hayo. Walinizuia hata kununua godoro."

Hapo simu ya Corinne ikatetemeka. Ujumbe kutoka benki: tumeona manunuzi ya kutia shaka, dola 1.29. Je, ni wewe? Kama ndiyo, bonyeza 1.

Aliusoma mara mbili. Siku Brock alipomwaga dola elfu nne kwenye boti, mchana kweupe, benki haikuuliza mtu. Injini ilipita. Tela lilipita. Hakuna aliyestuka, hakuna aliyepiga simu. Miaka kumi na sita, na leo ndiyo mara ya kwanza benki kumjulia hali, kwa sababu amenunua chingamu.

"Wanauliza kama ni mimi," alisema.

"Waambie ndiyo!" dereva alisema. "Haraka, kabla hawajabadili mawazo!"

Akabonyeza namba si yake, akafuta, akabonyeza moja. Wote wakangoja: Lonnie, dereva, mwanamke mwenye mfuko wa chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani, Tilda. Ujumbe ukarudi: asante, jaribu tena. Akaingiza kadi. Mashine ikafikiri muda mrefu kuliko ilivyo adabu.

Ikakubali. Lonnie akapiga kofi moja kwenye kaunta, na dereva akainua kahawa zake zote mbili.

"Hongera, dada," alisema. "Sasa unadaiwa."

Alhamisi iliyofuata bwana Abernathy alichungulia. Mia sita sabini na moja. "Zimepanda," alisema, akifurahi kwa niaba yake. "Umefanyaje?"

"Nimetafuna," Corinne alisema. Naye akacheka kwa heshima, ingawa hakuelewa.

Alisaini karatasi mpaka jina lake likaanza kuonekana la mtu mwingine. Akapewa ufunguo mmoja, wa kawaida kabisa, kama wa kabati.

Kumfukuza mgeni kulichukua miezi mingine, kwa sababu Ilene alikuwa anahesabu kama mkunga. Kwanza lipa matairi yote, mpaka sifuri. Kisha ngoja taarifa ya mwezi itoke, wapate kuona hiyo sifuri kwa macho yao. Sufuria ikiwa tupu, udogo wake si kitu. Kisha hakikisha kadi ya zamani nayo haina hata senti ya chingamu. Mwisho wa Mei, jioni, Ilene alikuja kwenye kibaraza kipya na kiti chake mwenyewe, akaketi.

"Sasa piga," alisema.

Aliyepokea alikuwa msichana mwenye sauti ya asali, akajitambulisha kuwa Delphine.

"Bi Szabo, umekuwa nasi miaka kumi na sita! Kuna tulilokukosea?"

Corinne alifungua mdomo. Alikuwa ameandaa hotuba tangu Novemba, sehemu yake akiisemea kwenye mvuke wa viazi kazini. Yote ilikuwepo: boti, injini, tela, kuta zinazotetemeka. Alitazama ndani kupitia dirisha. Tilda alikuwa anapaka rangi kwenye boksi ambalo hawajalifungua.

"Hapana," alisema. "Naomba kufunga tu."

"Naweza kukufutia ada ya mwaka."

"Hapana, asante."

"Naweza kukupa pointi elfu ishirini za safari za bure. Unapenda kusafiri?"

"Nimefika," Corinne alisema. "Naomba na barua, iandikwe kwamba nimefunga mwenyewe, na sidaiwi."

Delphine akashusha sauti, ile ya kazini ikamtoka. "Na ile nyingine yako hudaiwi kitu, ee? Basi umefanya vizuri, mama. Mimi ya kwangu niliifunga vibaya. Mpaka leo nakaa kwa shangazi."

Barua ilikuja baada ya siku tisa. Alama zilishuka mbili, zikakaa wiki tatu, zikapanda tano, kama mtu aliyetoka kwa hasira akarudi kufuata miwani yake. Corinne hakuwa na pa kuzipeleka. Nyumba alikwishapata. Alikata kadi kwa mkasi wa kukatia kuku, vipande vinne, na Tilda alipouliza Geraldine yuko wapi, alimwambia amehama, kama wao.

Julai joto likapanda. Jumapili moja watu walialikwa kibarazani, na Corinne alijaza maji kwenye kopo lile la aiskrimu, akaligandisha ili apoozee jagi la limau. Tilda ndiye aliyetumwa kulitoa. Ilichukua muda. Corinne alipoingia jikoni alimkuta amesimama dirishani, kopo limepinduliwa sinkini, jiwe la barafu mikononi, maji yakimchuruzika mpaka kwenye viwiko. Aliliinua kwenye mwanga wa asubuhi. Akaligeuza upande huu. Akaligeuza upande ule.

"Mama," alisema, "barafu hii haina kitu ndani."